Goti lile lile, macho mengine: tathmini ya (500) Days of Summer

Filamu hii ina orodha mbili, na aliyezishika hizo mbili ameishika filamu yote. Ya kwanza ni ya siku za asali. Tom Hansen, kijana anayetunga maneno ya kadi za salamu jijini Los Angeles, anahesabu anavyovipenda kwa Summer Finn: tabasamu lake, nywele zake, magoti yake, alama ya kuzaliwa shingoni yenye umbo la moyo, anavyolamba midomo kabla ya kusema, kicheko chake, anavyopendeza akiwa usingizini. Kila kimoja kinapewa picha yake ya karibu, mwanga mwororo, sekunde mbili tatu. Ya pili inakuja baada ya kuachwa. Tom anahesabu tena, safari hii kwa sumu: meno yamepinda, nywele ni za mitindo ya miaka ya 1960, magoti yana vifundo, shingoni kuna doa kama mende, na ile midomo inampandisha hasira. Sasa acha kusikiliza, tazama skrini. Picha ni zile zile. Goti halikupigwa picha upya. Kilichobadilishwa ni maneno yanayosemwa juu yake.

Hapo ndipo filamu hii inapoachana na wenzake. Komedi nyingi za kimapenzi huua penzi kwa tukio: uongo unafichuka, mchumba wa zamani anabisha hodi, simu inapokelewa na asiyehusika. Tukio likirekebishwa, mtu anakimbilia uwanja wa ndege, wanakumbatiana, majina yanapanda. Humu hakuna cha kurekebisha. Katika siku walizokuwa pamoja hatuonyeshwi Summer akimsaliti Tom wala kumlaghai. Tom alimwona akazimika papo hapo, kisha akaishi miezi na mwanamke aliyemtengeneza mwenyewe kichwani, huku mwenye jina lake amekaa naye meza moja. Kipya kinyemi, walisema wahenga, na filamu imeshughulika na siku ambayo unyemi unachakaa na mtu hajui aanze kumlaumu nani.

Kwa asiyeifahamu: ilizinduliwa katika tamasha la filamu la Sundance Januari 2009 na kuingia kumbi za Marekani Julai mwaka huo. Ina dakika 95. Mwongozaji ni Marc Webb, aliyetoka kwenye video za muziki, na hii ndiyo filamu ndefu yake ya kwanza. Muswada ni wa Scott Neustadter na Michael H. Weber, na uliwapa tuzo ya Independent Spirit. Joseph Gordon-Levitt ni Tom, Zooey Deschanel ni Summer. Iligharimu takriban dola milioni 7.5 na kuingiza takriban milioni 60 duniani kote.

Kitu cha kwanza kinachomchanganya mtazamaji ni kaunta. Kila inaporuka siku, inatokea kadi yenye namba ndani ya mabano, nyuma yake mchoro wa mji na mti. Tunaanzia siku ya 488, tunarudishwa ya 1, tunatupwa ya 290, ambako Tom anavunja sahani jikoni na marafiki wamelazimika kumwita mdogo wake aje kumtuliza. Wengi huhangaika dakika kumi za mwanzo wakijaribu kukariri namba. Hakuna haja. Shika moja tu, 290, siku ya kuachana. Chini ya hapo kuna uhusiano, au angalau matumaini ya uhusiano. Juu ya hapo Tom yuko peke yake na kumbukumbu zake. Na ukisahau hata hiyo, angalia rangi za mchoro: zikichangamka mambo ni mazuri, zikififia kuwa kijivu ujue yameharibika.

Mruko huo una kazi yake. Kisa kingesimuliwa kwa mpangilio, ungekaa ukingoja kitaharibika lini. Ukishaambiwa mapema kwamba kimeharibika, unaanza kupekua kwa nini, na upekuzi huo ndio anaoufanya Tom. Aliyeachwa hakumbuki kwa mpangilio. Anakumbuka Jumapili moja nzuri, kisha neno moja baya, kisha anarudi kwenye ile Jumapili kuangalia kama neno lilikuwa limeshajificha humo.

Mfano wa wazi ni duka la samani la IKEA. Linatokea mara mbili, na la pili kwa kalenda ndilo tunaloonyeshwa kwanza. Tom anajaribu mzaha: anafungua bomba la maonyesho, halitoi maji, anamwambia Summer sinki lao limeharibika. Summer hacheki, anapita. Mtazamaji anamwona Summer mkavu na Tom mcheshi anayeonewa. Baadaye ndipo tunapelekwa siku ya 34, duka lile lile, na kumbe mzaha ulikuwa wa wote wawili. Walicheza nyumba humo, wakapita kwenye majiko ya maonyesho kana kwamba ni yao, bomba la kwanza likakataa, na jibu likawa kwamba ndiyo maana walinunua nyumba yenye majiko mawili, wakakimbilia la pili. Kwa hiyo ile mara ya kwanza kuonyeshwa, Tom hakuwa akibuni mzaha. Alikuwa akirudia, karibu neno kwa neno, kitu kilichochekesha zaidi ya siku mia mbili nyuma. Aliyewahi kuona wapenzi wakihangaika kufufua utani wao wa zamani anajua jinsi kimya kile kinavyouma. Wahariri wangepanga maonyesho hayo kwa tarehe, ingebaki huzuni ya kawaida. Kwa kuyageuza, wamemfanya mtazamaji amhukumu Summer kwanza, halafu wakamletea ushahidi uliokosekana.

Siku hiyo hiyo ya 34, kwenye vitanda vya dukani, Summer anatamka kwamba hatafuti uhusiano wa dhati. Anauliza kama ni sawa. Tom anajibu ni sawa. Mazungumzo yenyewe ni mafupi na yamewekwa katikati ya furaha, kwa hiyo yanateleza. Ukiulizwa baadaye Summer alimdanganya lini, rudi hapo.

Kisha inakuja asubuhi ya ngoma, ile inayojulikana na watu hata wasioimaliza filamu. Tom ametoka usiku wake wa kwanza na Summer. Anatembea barabarani kwa wimbo wa wanamuziki Hall & Oates, wapita njia wanampa mkono, anajitazama kwenye kioo cha dirisha na anayemkonyeza ni Han Solo, shujaa wa filamu za Star Wars, ndege wa katuni anatua mkononi mwake, bendi ya tarumbeta inajiunga. Tazama nguo: umati mzima umevaa buluu. Rangi hiyo kwingine katika filamu ni mali ya Summer, imechaguliwa kuitikia macho ya Deschanel, na mji mzima kuivaa ni kusema Tom anamwona Summer kila anapogeuka. Ni vichekesho, lakini pia ni dalili ya ugonjwa. Katika shangwe yote ile ya penzi, Summer mwenyewe hayupo. Penzi la kuona mara moja linasherehekewa na mtu mmoja.

Na kinachofuata ni uhariri wa hali ya juu. Tom anaingia kwenye lifti ya ofisini uso umejaa nuru, milango inafunga. Kaunta inazunguka, milango inafunguka, anatoka Tom yule yule akiwa amechoka, macho mazito, zaidi ya siku mia mbili mbele. Hakuna maelezo wala muziki wa kulia. Sekunde chache, mlango umefanya kazi ambayo filamu nyingine hutumia nusu saa.

Lifti hiyo ina historia. Siku ya 4, Tom amevaa vipokea sauti anasikiliza The Smiths, bendi ya Uingereza, Summer anausikia wimbo, anasema anawapenda, anaimba kipande, anashuka. Basi. Kwa Tom huo ni ushahidi kwamba mbingu imetuma mtu. Jengo lake lote la mapenzi limesimama juu ya kipande kile cha wimbo. Mdogo wake Rachel, anayechezwa na Chloë Grace Moretz, ndiye anayemwambia baadaye kwamba msichana mzuri kupenda mambo yako ya ajabu hakumfanyi awe wa maisha yako. Ukirudia filamu, angalia Summer anaposema kipenzi chake katika bendi ya Beatles ni Ringo, mpiga ngoma. Tom anapinga palepale, kwamba hakuna mtu ambaye kipenzi chake ni Ringo. Ladha zikilingana, ni majaliwa. Zikitofautiana, Summer ndiye aliyekosea. Ni kamstari kadogo ka kuchekesha, lakini kanakupa tabia nzima ya mtu.

Msimulizi naye ni wa kumchunga. Sauti ni ya Richard McGonagle, nzito na ya heshima kama ya makala za wanyamapori, na inaanza kwa kuonya kwamba hiki ni kisa cha mvulana kukutana na msichana, ila si kisa cha mapenzi. Halafu inamwaga takwimu za kejeli: Summer alipofanya kazi kwenye duka la aiskrimu mapato yalipanda asilimia 212, kila nyumba aliyopanga ilimpa kodi ya wastani wa asilimia 9.2 chini ya bei ya soko, na kwa siku watu 18.4 humgeukia mara mbili akienda na kurudi kazini. Kichekesho kiko kwenye desimali. Uzuri umepimwa kwa mizani ya mhasibu, na mwisho wa hesabu zote hujui Summer anawaza nini. Hata usiku anapompeleka Tom kwenye chumba chake na kumsimulia ndoto ambayo hajawahi kumwambia mtu, sauti ya msimulizi inaingia juu ya maneno yake kutueleza Tom anavyojisikia kuwa mteule.

Ugomvi wao mkubwa unaanzia baa. Mwanamume asiyejulikana anamsumbua Summer, Summer anammudu mwenyewe kwa utulivu. Jamaa anageuka kumkejeli Tom, kwamba haamini huyu ndiye mpenzi wake. Hapo ndipo ngumi inaporuka, na Tom anapigwa. Nyumbani anadai alifanya kwa ajili ya Summer, naye Summer hakubali. Fuatilia mpangilio: ngumi haikutoka Summer alipotukanwa, ilitoka Tom alipotukanwa. Kisha Tom anadai naye ana usemi juu ya jina la uhusiano huo, na yeye anasema wao ni wapenzi. Gordon-Levitt anaicheza kwa dhati kiasi kwamba ukiwa na usingizi utamuunga mkono.

Onyesho bora kuliko yote ni la siku ya 408. Summer amemwalika Tom kwenye sherehe ya juu ya paa. Skrini inagawanywa mara mbili, upande mmoja umeandikwa Matarajio, wa pili Uhalisia, na mwimbaji Regina Spektor anaimba juu ya zote. Ukiliona mara ya kwanza, jicho litahangaika huku na huku. Dawa ni kushika upande wa uhalisia na kuuacha wa matarajio upite pembeni, maana wa matarajio unaujua tayari: wanakumbatiana, wanajitenga na umati, wanabusiana. Uhalisia ndio wenye vijitu vidogo. Salamu ni fupi kidogo kuliko ile ya pili. Zawadi ni kitabu kile kile, lakini shukrani zinaishia adabuni. Kule wamejitenga pembeni wawili, huku Tom yuko mezani na watu, anakunywa. Hakuna anayemtendea vibaya. Tofauti ni ya robo hatua kila mahali, na robo hatua zikijumlishwa zinafika kwenye pete ya uchumba, ambayo Tom anamwona Summer akimwonyesha rafiki yake. Upande wa uhalisia unapanuka na kumeza skrini yote, Tom anashuka ngazi mbio, na mtaa anaotembea unageuka mchoro wa penseli, kisha unafutika. Ni sahihi kwa mhusika huyu. Tom alisomea usanifu majengo, akauacha. Aliwahi kumchorea Summer mandhari ya jiji mkononi mwake. Sasa mchoro wake unamfutikia miguuni.

Kuna ufunguo mwingine ambao msimulizi anautoa dakika za mwanzo na wengi hawausikii: imani ya Tom juu ya mapenzi imetokana na nyimbo za huzuni za Uingereza alizosikia mapema mno na kuielewa vibaya The Graduate, filamu ya mwaka 1967. Anayekumbuka mwisho wake anajua: wawili wamekimbia harusi, wamekaa nyuma ya basi, tabasamu zinaanza kuyeyuka. Tom aliona ushindi tu. Karibu na siku ya kuachana wanaitazama pamoja ukumbini na Summer analia, hasemi kwa nini, na Tom anashangaa. Summer ametazama mwisho ule ule akaona basi linakokwenda. Baada ya hapo ni mgahawa, sahani za chapati za maji, na Summer anapendekeza waache kuonana.

Waigizaji wa pembeni wanatosha bila kung'aa. Clark Gregg kama bosi ana utulivu mzuri. Paul, rafiki anayechezwa na Matthew Gray Gubler, amepewa dakika moja ya thamani: katika mahojiano ya kubuni mbele ya kamera anaeleza mwanamke wa ndoto zake angekuwaje, kisha anasema mpenzi wake Robin ni bora kuliko huyo, kwa sababu ni mtu wa kweli. Tom akiulizwa swali hilo hilo anakaa kimya.

Kasoro zipo, na si ndogo. Ya kwanza: filamu inamkosoa Tom kwa kutomwona Summer, lakini na yenyewe haimwoni. Maisha yake mbali na Tom ni sentensi chache za msimulizi na mshangao wa mwisho. Watetezi husema ni makusudi, tunatazama kwa macho ya Tom. Hoja hiyo ina uzito, ila inaisamehe filamu kirahisi mno, kwani msimulizi si Tom. Anajua hadi kodi ya nyumba, angeweza kutupa dakika mbili za Summer akiwa peke yake. Matokeo yake watazamaji wengi walitoka ukumbini wakimchukia Summer, mpaka Gordon-Levitt mwenyewe akalazimika kusema hadharani, zaidi ya mara moja, kwamba Tom ndiye wa kutiliwa shaka. Filamu inayohitaji mwigizaji wake aizungukie na maelezo haijamaliza kazi yote.

Ya pili ni Rachel. Mtoto anayetoa ushauri wa mtu mzima ni kiungo kilichochuja katika komedi hizi, na Moretz anakiokoa kwa ukavu wa uso tu. Ya tatu ni katikati, kati ya kuachana na harusi ya mfanyakazi mwenzao. Tom anazama kwenye huzuni, na filamu inajifurahisha kwa kejeli za sinema za Ulaya za rangi nyeusi na nyeupe, ikiwa ni pamoja na mchezo wa chesi dhidi ya mungu wa mapenzi. Anayezijua sinema hizo atacheka, asiyezijua atakaa dakika tatu akijiuliza channel imebadilishwa na nani.

Ya nne ni siku ya 500. Tom amekwenda kusailiwa kazi ya usanifu ndani ya jengo la Bradbury, anakutana na msichana mwingine anayesubiri usaili huo huo, anamwalika kahawa, anauliza jina. Anaitwa Autumn. Summer ni kiangazi, Autumn ni msimu wa majani kupukutika unaokifuata, na ikiwa hukukielewa kichekesho Tom anaigeukia kamera ili kukuhakikishia. Kaunta inarudi 1. Filamu iliyotumia saa na nusu kuonyesha hatari ya kusoma majaliwa kwenye lifti inamaliza kwa kumpa Tom majaliwa mengine kwenye korido. Unaweza kuisoma kama onyo kwamba mzunguko unaanza upya, na namba 1 inaruhusu usomaji huo. Lakini muziki na sura ya Gordon-Levitt vinasema vingine. Hapo imeniondolea nyota moja. Nyingine imeondoka na Summer aliyefichwa. Zinabaki tatu na nusu kati ya tano, kwa sababu nusu nimeirudishia ile lifti.

Nani aitazame? Anayetaka komedi ya kupumzikia jioni ya kwanza na mtu mpya, aahirishe. Mazungumzo ya baada yake hayatakuwa mepesi. Aliyeachwa wiki iliyopita atampenda Tom kupita kiasi na kuondoka na silaha zisizo zake, naye asubiri kidogo. Inamfaa zaidi aliyepita miezi kadhaa na sasa anaweza kucheka. Itazame mara mbili, kwa kupishanisha wiki chache. Mara ya kwanza fuata hadithi. Mara ya pili punguza imani kwa Tom na uhesabu maswali anayomuuliza Summer kuhusu Summer mwenyewe. Vidole vya mkono mmoja havitaisha haraka.

Na ukianza hiyo mara ya pili, usiruke sekunde za mwanzo. Siku ya 488, benchi la bustani juu ya kilima, picha ya karibu ya mikono miwili, wa Summer umelalia wa Tom, pete kidoleni. Mara ya kwanza karibu kila mtu huiona pete hiyo na kudhani ni Tom aliyeivisha.